Vichuguu vya Ngalula

Inasimuliwa mjini Lubumbashi kwamba binti ya marehemu Mwalimu Élie Mbuyi aliozwa kwa jogoo mmoja. Nimeisikia habari hiyo kanisani, nimeisikia kwenye foleni ya benki, na juzi nimeisikia kwa mama anayeniuzia sombe, majani ya muhogo, ambaye hakujua kwamba anaisimulia nyumba yangu. Mimi ni mjane wa Mwalimu Mbuyi na mama wa binti huyo. Jogoo alikuwapo, sikatai. Lakini hakulipwa kwangu, na hakumlipia binti. Ili jambo hili lieleweke ni lazima nianze na wifi yangu Ngalula, dada wa marehemu, na kumweleza Ngalula bila kueleza udongo haiwezekani.

Mji wetu ulichukua jina la mto, na mgeni anayeuona mto huo kwa mara ya kwanza hudhani kuna mwingine nyuma yake. Ni mdogo. Wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila kulowesha kaptula. Marehemu mume wangu, aliyefundisha historia na jiografia, aliwaambia wanafunzi wake kwamba Lubumbashi ni mto uliozaa mji mkubwa kuliko wenyewe. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilihitaji maji, kikajengwa kando yake. Zikafuata kambi za wafanyakazi, kisha mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, mpaka watu wakawa mamilioni na mto ukabaki vilevile. Shaba, alisema, ndiyo iliyowaita watu.

Ngalula hakumwacha amalize somo lile hata siku moja.

"Shaba iliita bantu, sawa," alisema. "Lakini balilala wapi? Mu shaba?"

Kwake yeye mji huu ulijengwa na vichuguu. Vichuguu vya Katanga si vile vinavyofika magotini. Vingine ni virefu kuliko nyumba na vina miti juu yake, na udongo wake, ukimwagiwa maji na kukanyagwa vizuri kwa miguu, hutoa tofali lisilopasuka motoni. Zamani mtu aliyepata kiwanja chenye kichuguu alipongezwa na majirani, kwa maana nyumba yake ilikuwa tayari imesimama pale, imekosa madirisha tu. Alikibomoa, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga, na mahali pa kichuguu pakabaki shimo ambamo alipanda migomba. Ndivyo mitaa mingi ilivyoinuka. Ukiruka na ndege leo unaona mapaa ya malata, mapaa na mapaa, mpaka macho yachoke, na kila kipande cha ukuta chini yake kiliwahi kuwa mlima wa mchwa.

Ngalula alizaliwa katika kambi ya mgodi, baba yake akiwa fundi mitambo aliyetoka Kasai kwa treni. Wapo wanaosema wasichana wa nyumba ile hawakusomeshwa. Si kweli. Ngalula alisoma kwa masista na akapata cheti cha ushonaji, na tangu siku ya kukipokea hakushona hata kifungo. Aliolewa na Kunda, mwashi, Mlamba, mtu wa nchi hii hii. Baba mkwe wangu alinung'unika kidogo kwa sababu kijana hakuwa wa kwetu. Kisha Kunda akamjengea ukuta wa uani bila kuombwa, ukuta ulionyooka hivi kwamba majirani walikuja kuutazama, na mzee akanyamaza.

Wawili hao walihamia mtaa wa Hewa Bora wakati ambapo jina lile lilikuwa na ukweli wote. Hewa ilikuwa nzuri, na zaidi ya hewa hapakuwa na kitu, ila majani marefu na vichuguu vilivyosimama kila upande. Maji waliyachota kijitoni. Kunda alijenga, Ngalula akachoma matofali. Watu walipoanza kufika, wengine kutoka kambini, wengine kutoka Kasai, wengine kutoka Pweto na vijiji vya Luapula, walimkuta yeye kwanza, miguu myekundu mpaka magotini, akiwauliza kama kiwanja chao kina kichuguu au wanataka kununua cha jirani.

Sasa amepita miaka sabini, na kutembea naye katika Hewa Bora ni kazi ngumu, kwa sababu husimama mbele ya kila nyumba.

"Hii ilikuwa kichuguu yenye nyoka. Hii ilikuwa ile ndefu, tulibomoa kiangazi kizima. Hii hapa, ona ile kona, nilibaambia moto haitoshi, balikuwa na haraka ya kuoa."

Hajifichi. Shule ni yake, zahanati ni yake, nusu ya makanisa ni yake. Hata kanisa kuu la mjini, lililojengwa kabla hajazaliwa, huliangalia kwa makini na kusema matofali yale yana sura ya jamaa.

Nimtaje sasa Mwansa, maana bila yeye kusingekuwa na jogoo.

Kunda alikuwa wa Bena Mumba, yaani ukoo wa Udongo. Kwa wenyeji wa nchi hii koo zina utani kati yao, nao unaitwa bunungwe. Watani wa Udongo ni Bena Mfula, watu wa Mvua, kwa kuwa mvua huyeyusha udongo na udongo huimeza mvua. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kofia, kuingia matangani na kumcheka maiti, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, unalipa kuku. Na mtani huyohuyo ndiye atakayechimba kaburi lako.

Mwansa, karani mstaafu wa reli, ni mtu wa Mvua na jirani wa ukuta kwa ukuta. Ana koti la kijivu na mwamvuli mweusi anaotembea nao hata mwezi wa saba, wakati ambapo mbingu yetu haina hata wingu la ukubwa wa kiganja. Ngalula alipoolewa, Mwansa alimhesabu naye kuwa Udongo, akaanza kazi siku ya harusi yenyewe. Kunda alipofariki, ni Mwansa aliyechimba kaburi, akalala ndani yake mbele ya waombolezaji, akasema ni fupi, Kunda atakunja miguu kama alivyozoea kwa ubahili wa vitanda vyake. Ngalula, aliyekuwa hajala tangu msiba uanze, alicheka mpaka akaomba uji.

Katika miaka ya tisini watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Sitaandika mengi. Waliokuwapo wanakumbuka. Élie na mimi tulikimbilia kwa Ngalula, Hewa Bora, na watoto wetu, na mchana mmoja kundi la vijana likaingia kwenye avenyu, njia ya mtaa wetu, likiuliza nyumba za Wakasai. Mwansa akabeba kiti chake, akakiweka mbele ya mlango wetu, akafungua mwamvuli, na akaanza kumtukana Ngalula kwa Kilamba kwa sauti ya kufika kijitoni: sura yake, ugali wake wa bukari wenye madonge, matofali yake yaliyopinda. Vijana walisimama. Kisha wakaanza kucheka, kwa sababu walielewa. Mgeni hatukanwi hivyo. Hutukanwa hivyo mtu wa nyumbani. Mmoja akauliza kama ndani kuna wengine. Mwansa akamjibu kwamba ndani kuna Udongo tu, na mwenye haki ya kuubomoa ni Mvua peke yake. Wakapita.

Binti yangu wa mwisho, Séphora, alikuwa hajazaliwa wakati huo.

Mwaka jana Séphora alituletea habari za Aristote, mhandisi wa umeme mgodini, kijana mwenye adabu. Mama yake, Mama Mbambu, ni Mnande wa Butembo, mbali upande wa mashariki. Alifika Lubumbashi na mzigo wa vitenge, na leo ana malori yanayoleta samaki wakavu kutoka Pweto kwa njia ya Kasomeno. Mumewe alibaki Butembo kutunza maduka, kwa hiyo neno la mwisho huku lilikuwa la mama. Ni mwanamke mrefu, mkimya, anayekutazama kama anakadiria uzito wa gunia. Nasi tulijua jambo moja juu yake. Aliwahi kwenda posa katika nyumba nyingine, mjomba wa msichana akazungumza ovyo, na Mama Mbambu akainuka kabla ya chakula. Hakurudi tena. Séphora alilijua hilo kuliko sisi sote, na wiki nzima kabla ya wageni kuja alikuwa akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baba yake akiwa hayupo, wa kuwapokea wageni kwa niaba yake alikuwa shangazi. Hiyo ni haki ya Ngalula na hakuna aliyemnyima. Nilikwenda kwake mapema kumwomba kitu kimoja. Nilimkuta nyuma ya nyumba akikanyaga udongo. Hapo kilikuwapo kichuguu cha mwisho cha avenyu yote, ambacho alikuwa amekataa kukiuza kwa miaka mingi akisema ni cha mtoto wa mwisho wa kaka yake. Kiangazi kile alikuwa amekibomoa. Matofali mabichi yalipangwa chini ya majani makavu, mengi, yakisubiri moto. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake ya harusi.

"Mulamu," nilimwambia, "siku ya posa Mwansa asikuwe hapa."

"Asikuwe namna gani? Nitafunga mvula na kamba?"

"Umuombe aende kwa binti yake ku Kasomeno. Posa ni siku moja. Hawa ni bantu ba Butembo, hawajue mambo ya bunungwe."

"Basi batajua."

"Ngalula. Ni Séphora."

Aliacha kukanyaga, mguu mmoja ukiwa bado umezama.

"Séphora ni mutoto wa ile kiti yenye ilikuwa mbele ya mulango," alisema. "Kama Mwansa hakukaa pale, mungerudia Kasai, na huyu mutoto hangezaliwa, ao angezaliwa na sura ingine. Siwezi kumufukuza muntu siku yenye tunaoza kazi yake."

Nilirudi nyumbani. Nilijipa moyo kwamba posa ingefanyika kwangu Bel-Air, sebuleni, mbali na ukuta wa Mwansa. Nilikuwa nimefua mapazia.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya posa, simu yangu ililia.

"Mulamu, nilisha kuwasha."

"Uliwasha nini?"

"Tanuru. Hauone mawingu? Mvula inataka kuanza mbele ya wakati. Ingekuta matofali mabichi, tungebakia na matope. Sasa siwezi kuacha moto. Bageni bakuye huku."

Ndivyo posa ya binti ya Mwalimu Mbuyi ilivyohamia uani Hewa Bora, mita chache kutoka tanuru lililokuwa likifuka moshi. Tulifanya tuliyoweza. Tulifagia, tukatandika vitambaa vyeupe mezani, tukakodi viti vyenye mgongo. Ngalula alivaa kitenge kipya, kilemba juu, mkufu wa marehemu mama yake, na kila baada ya muda aliinuka na kusukuma gogo mdomoni mwa tanuru kwa ncha ya kiatu.

Wageni walikuja kwa wakati: Mama Mbambu, mashemeji zake wanne waliovaa suti, na Aristote aliyefunga tai mpaka shingo ikawa nyembamba. Walileta kreti za vinywaji na mbuzi. Mama Mbambu alitazama tanuru.

"Munapika nini ya mukubwa hivi?" aliuliza.

"Nyumba ya mutoto wako," Ngalula alimjibu, "kama utatupatia."

Mama Mbambu hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilisogea. Nikaanza kupumua. Ngalula alisimama akazungumza habari za kaka yake na za baba yao fundi mitambo, polepole, kwa heshima, hata mimi nikashangaa. Mashemeji walitikisa vichwa. Séphora aliitwa, akaja, akapiga magoti, akamimina maji mikononi mwa wageni bila kumwaga hata tone.

Hapo ndipo mwamvuli ulipotokea juu ya ukuta, kisha ukaingia mlangoni ukiwa na Mwansa chini yake.

Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuru, akaushika mwamvuli juu yake kama anayelikinga na jua, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"We Udongo, ungali unaishi? Nilifikiri balisha kukufinyanga chungu."

"Na weye Mvula," Ngalula alijibu bila kugeuka, "unafika bila kuitwa, kama siku zote, kuharibia bantu nguo za siku kuu."

"Nguo nimeona. Lakini miguu? Juu kitenge, chini kichuguu."

Wageni walitazamana. Nilianza kusema kwamba mzee huyu ni jirani, lakini Mwansa alikuwa amekwisha kuwageukia, mkono kifuani, sauti ya mtu anayetoa ushahidi.

"Bageni, mulikuya kutafuta bibi mu nyumba hii? Muangalie muzuri. Huyu mwanamuke alikula bichuguu byote bya Hewa Bora. Byote. Alipomala bichuguu, akakula bwana yake. Miye njo nilimuzika, na mikono yangu. Binti yabo akiingia kwenu, muhesabie bantu benu kila asubuhi."

Majirani waliokuwa ukutani waliangua kicheko. Wageni hawakucheka hata mmoja. Kila anayeishi Kongo anajua maana ya kusema mtu amemla mumewe. Kwa neno hilo watu wamefukuzwa nyumbani kwao. Mama Mbambu alishika mkoba wake na kuinuka, na mashemeji wanne wakainuka pamoja naye.

"Siye tuko bantu ya kanisa," alisema. "Kama mu hii nyumba kuko mambo ya bulozi, mungetuambia mbele ya kukamata njia."

Nilimwona Séphora. Alikuwa bado amepiga magoti, birika mkononi, na maji yalikuwa yakimwagika chini bila yeye kuona.

Basi Aristote alitembea mpaka kwa Mwansa, akamkamata ukosi wa koti la kijivu na kuanza kumvuta kuelekea mlangoni.

"Muzee, utoke. Huwezi kumutukana huyu mama mbele yangu. Ni shangazi ya bibi yangu."

Mwamvuli ulianguka, ukakunjika ubavu mmoja. Mwansa hakupigana. Alijiachia akakaa chini mavumbini kama gunia, akawainulia majirani vidole vyote viwili vya shahada.

"Muliona? Alikasirika. Bashahidi, muliona hasira?"

"Tuliona," majirani walijibu kutoka ukutani.

"Basi ni nini?"

"Kuku," walisema wote pamoja.

Ngalula alikuwa amecheka mpaka kilemba kikamfunika macho. Aristote alibaki na mikono hewani, asijue kama amwinue mzee au amalizie kumtoa. Mimi nilimshika Mama Mbambu mkono kabla hajafika mlangoni, na nikamweleza yote kwa maneno machache niliyoyapata: Udongo na Mvua, kaburi la Kunda, na kile kiti mbele ya mlango. Alisikiliza hadithi ya kiti mpaka mwisho. Kisha akarudi mpaka pale Mwansa alipoketi.

"Kwetu muntu akisema bile, tunaita polisi," alimwambia.

"Na kwetu tunaita kuku," Mwansa alijibu kutoka chini. "Lakini usikilize, mama. Mugeni hatumutozi. Kama huyu mutoto wako ni mugeni, alikosa kwa kutojua, tunamusamehe, ataenda na muzuri. Muntu wa kulipa kuku ni muntu wa mu nyumba. Sasa uniambie weye mwenyewe. Ni mugeni, ao ni wa hapa?"

Majirani waliinama juu ya ukuta wasikie vizuri. Séphora alikuwa ameweka birika chini. Shemeji mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba wangeweza kurudi siku nyingine, wakalizungumze nyumbani kwanza. Mama Mbambu hakumtazama.

"Akilipa," aliuliza, "utaendelea kumutukana?"

"Mupaka siku ya kufa. Kiisha nitamuchimbia shimo, nikalale ndani nipime."

"Na kama siku moja bantu banakuya kumusumbua, bakisema ni mugeni, arudie kwabo?"

Mwansa aliacha kuchezacheza.

"Kiti yangu ingali nzima," alisema.

Mama Mbambu alitazama kuta za avenyu, moja baada ya nyingine, kwa yale macho yake ya kukadiria uzito. Sisemi alikuwa akifikiri nini. Alitoka mbali kuja katika mji huu, kama sisi.

"Tangu nifike Lubumbashi," alisema mwishowe, "bananitukana ku barabara, ku soko, ku kila kizuizi. Wote bure. Hakuna mwenye alishaniuliza hata yai." Akamgeukia mwanawe. "Aristote, uko na deni ya kuku."

Wa kwanza kucheka alikuwa Séphora, na alicheka huku akilia, jambo ambalo nyumbani kwetu halikatazwi.

Ila Mama Mbambu ni mfanyabiashara. Alisema kuku hakuja naye, lakini garini mlikuwa na samaki wa Pweto, wakavu, wazuri, Mwansa achague.

"Samaki alizaliwa mu maji yangu," Mwansa alisema. "Unanilipa na mutoto wangu?"

Basi je, mbuzi? aliuliza Mama Mbambu.

"Mbuzi ni ya bakwe zako. Unataka kulipa na mali ya nyumba yenye ilikosewa? Huyu mama nitamutukana na yeye, anafaa."

Ikabidi dereva apelekwe sokoni. Tulipokuwa tukimngoja tulikula, na katika kula mambo yote ya posa yakaulizwa na kujibiwa, taratibu, kila mtu akisahau kuogopa. Dereva alirudi na jogoo mwekundu mwenye hasira kuliko sisi sote. Aristote, na suti yake na tai yake, alipiga magoti mbele ya Mwansa akimshikilia jogoo kwa miguu huku mabawa yakimpiga usoni. Mwansa alimpapasa jogoo kifuani.

"Mwembamba," alisema. "Sawa na weye. Lakini nimepokea."

Huyo ndiye jogoo wanayemsimulia. Mahari ya binti yangu ilizungumzwa siku nyingine, kati ya familia mbili, ikatolewa yote kwa heshima, na si habari ya foleni ya benki.

Mvua ilinyesha Jumatatu, kubwa, ya ngurumo. Ngalula alikuwa amekwisha kuziba midomo ya tanuru kwa tope siku moja kabla. Mvua iliosha ukuta wa nje, ikateremka mtaroni ikiwa nyekundu, lakini ndani matofali yalikuwa yameiva. Kesho yake asubuhi Mwansa alikuja na mwamvuli wake uliofungwa ubavu kwa waya, akagonga tofali moja kwa kidole, likalia kama sahani.

"Nilichelewa," alisema.

"Unachelewaka siku zote," Ngalula alimwambia, na wakamla jogoo pamoja.

Séphora na Aristote wamejenga kwa matofali yale upande wa barabara ya Kasenga, mbali kidogo, mahali ambapo mji unafika sasa hivi. Bado kuna majani marefu huko. Mwaka huu mvua zilikawia, na tulipokwenda kuizindua nyumba tulikwenda kwa vumbi. Padri aliibariki. Mama Mbambu alikagua kila chumba kimya kimya, akagonga ukuta, akasema ni mzigo mzuri. Mwansa alifika wa mwisho, tukiwa tumekwisha kukaa mezani, na Aristote akamfungulia mlango. Kwa mwaka mzima alikuwa ametukanwa na mzee huyo kwa simu, kwa njia ya watu, na mara moja kanisani, naye akawa anajibu "ndiyo, muzee" kama mwanafunzi. Safari hii alimtazama kuanzia mwamvuli mpaka viatu.

"Muzee," alisema, "tulikungojea tangu mwezi wa kumi, mihindi inakufa. Mu ukoo wenu bote banachelewaka hivi, ao ni weye tu njo mvivu?"

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Mama Mbambu aliweka uma wake chini. Mwansa alimtafuta Ngalula kwa macho.

"Udongo," aliita, "huyu mutoto alisha kuiva."

Lakini Ngalula hakuwa mezani. Tulimpata nyuma ya nyumba, mpakani mwa kiwanja, viatu mkononi, akichomachoma kwa fimbo kichuguu kirefu chenye mti juu yake.

"Séphora," alisema, "hii mutanigawia? Ao ni ya jirani?"